Kwanza Msaada, Karatasi Baadaye: Wanafunzi Wenye Ulemavu Katika Vyuo vya Jamii Asilia Kanada

Mwanafunzi mwenye ulemavu anayejiunga na chuo nchini Kanada ana haki kisheria ya kuwekewa mazingira yatakayomwezesha kusoma: muda wa ziada kwenye mtihani, vitabu vya sauti, mkalimani wa lugha ya alama, chumba tulivu, kompyuta yenye programu maalumu. Sheria ipo. Mafungu ya fedha yapo. Vyuo vikubwa vina ofisi nzima zenye wafanyakazi wa kushughulikia hayo tu. Halafu unaingia katika chuo kinachoendeshwa na jamii asilia yenyewe, unamkuta mama wa miaka 34 ambaye tangu darasa la pili herufi humchezea machoni, na hajawahi kupata hata kimoja kati ya hivyo vyote. Hakuna aliyemnyima. Hakuwa na karatasi tu.

Ninaposema karatasi namaanisha ripoti ya mtaalamu inayothibitisha kwamba ulemavu upo. Ukitaka kuelewa kwa nini nchi tajiri kama ile inashindwa kumfikia mwanafunzi huyu, anza na ripoti hiyo: nani huitoa, nani huilipia, na kwa nini watu wenye akili timamu kabisa huikimbia.

Kwanza vyuo vyenyewe, maana msomaji wa huku kwetu huenda hajavisikia. Kanada ina zaidi ya jamii 630 zinazojiita Mataifa ya Kwanza, pamoja na Wainuit wa kaskazini na Wametis, watu wenye asili mchanganyiko ya Ulaya na jamii asilia. Sensa ya 2021 iliwahesabu wote kuwa watu wapatao milioni 1.8, asilimia 5 ya nchi. Kuanzia miaka ya 1970 jamii hizi zilianza kujifungulia vyuo. Kilichoanzishwa Saskatchewan mwaka 1976 leo ni First Nations University of Canada, chenye makao yake Regina. Nicola Valley Institute of Technology, ambacho wenyewe hukiita NVIT, kilianzishwa mwaka 1983 na jamii tano za bonde moja katika mji mdogo wa Merritt, British Columbia, na mwaka 1995 kikapewa hadhi ya chuo cha umma. Ontario inazo taasisi tisa zinazotambuliwa chini ya sheria ya 2017. Blue Quills, kule Alberta, ilikuwa shule ya bweni ya serikali na kanisa. Mwaka 1970 wazazi waliingia wakakaa humo humo, wakagoma kutoka mpaka serikali ilipokubali kuwakabidhi. Sasa ni chuo kikuu chao.

Vinafundisha uuguzi msaidizi, ualimu, ustawi wa jamii, ufundi, uongozi wa halmashauri, na lugha zinazobakiwa na wazungumzaji wachache. Madarasa ni madogo. Wanafunzi wengi ni watu wazima, wengi ni wazazi, na si wachache waliowahi kuacha shule njiani. Hili la kuacha shule tulishike, kwa sababu mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 15 mara nyingi hakuacha kwa uvivu. Aliondoka bila mtu kugundua kwamba sikio moja halisikii, au kwamba kusoma ukurasa mmoja kulimchukua muda ambao wenzake walisoma kurasa nne.

Takwimu zinasema nini? Uchunguzi wa taifa kuhusu ulemavu wa 2017 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya Wakanada wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa na ulemavu. Kwa watu wa Mataifa ya Kwanza wanaoishi nje ya rizavu, yaani nje ya ardhi walizotengewa, takwimu za mwaka huo huo zilifika asilimia 32, kwa Wametis 30, kwa Wainuit 19. Angalia maneno hayo: nje ya rizavu. Uchunguzi huo haukuingia kwenye rizavu. Wale walio mbali zaidi na hospitali, katika nyumba zilizojaa watu kupita kiasi, ambako watoto huugua masikio mara kwa mara mpaka usikivu unapungua, ndio ambao hawakuhesabiwa. Mpangaji wa bajeti huko Ottawa anapokuambia anafuata takwimu, anafuata takwimu zenye tundu katikati.

Nani analipa

Hapa ndipo watu hupotea, na nakiri ni msitu kweli. Nchini Kanada elimu na afya ni kazi ya majimbo, isipokuwa kwa Mataifa ya Kwanza walio rizavu, ambao ni wajibu wa serikali ya shirikisho. Mgawanyo huo kwenye katiba unasomeka vizuri. Kwenye maisha ya mtu mmoja huwa danadana.

Mfano uliowaumiza Wakanada wengi ni wa mtoto Jordan River Anderson, wa jamii ya Norway House Cree, Manitoba. Alizaliwa mwaka 1999 na matatizo makubwa ya kiafya. Alipofikia hatua ambayo madaktari waliona anaweza kutoka hospitalini na kuhudumiwa katika makazi ya kawaida, serikali mbili zilianza kubishana nani alipe. Zilibishana zaidi ya miaka miwili. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka mitano, bila kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya familia. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha kanuni inayobeba jina lake: mtoto wa Mataifa ya Kwanza apewe huduma kwanza, serikali zibishane baadaye. Hata hivyo ilibidi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Kanada iamue mwaka 2016 kwamba serikali ilikuwa inawabagua watoto hao, ndipo kanuni ikaanza kufanya kazi kwa upana.

Kupitia kanuni hiyo leo mtoto anaweza kulipiwa kifaa cha kusikia, mtaalamu wa matamshi, msaidizi darasani, hata vipimo vya kujua tatizo lake la kujifunza. Lakini neno kuu hapo ni mtoto. Akifikisha utu uzima, miaka 18 au 19 kutegemea jimbo, mlango unafungwa. Tarehe ile ile ambayo kijana anamaliza sekondari na kuomba chuo, ndiyo tarehe msaidizi wake anaondoka. Sijui nani alikaa akapanga hivyo. Naamini hakuna aliyepanga. Kila mtu alichora mpaka wa eneo lake, na kijana akajikuta anasimama kwenye ufa.

Upande wa pili wa ufa kuna nini? Ada na posho ya mwanafunzi wa Mataifa ya Kwanza mara nyingi hutoka katika mpango wa shirikisho unaopitia halmashauri ya jamii yake. Kuanzia mwaka 1996, na kwa takriban miaka ishirini, ongezeko la fungu hilo lilizuiwa lisizidi asilimia 2 kwa mwaka, huku vijana wanaostahili wakiongezeka. Foleni zikaota. Ndiyo maana Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni za watoto wa jamii asilia, ilipotoa madai yake 94 mwaka 2015, iliweka la kumaliza foleni hiyo katika namba 11. Halmashauri yenye fedha za wanafunzi kumi na maombi ya ishirini haina ubavu wa kumlipia mmoja mkalimani wa lugha ya alama kwa mwaka mzima.

Fedha za ulemavu zimekaa kwingine kabisa: katika mfumo wa mikopo ya wanafunzi. Huko kuna ruzuku ya taifa kwa wanafunzi wenye ulemavu, na nyingine ya huduma na vifaa inayoweza kufika dola 20,000 kwa mwaka. Ni nyingi, na kwa anayezipata hubadilisha maisha. Ila mlango wake ni fomu ya mkopo, na fomu ya mkopo inapima uhitaji wa kifedha. Mwanafunzi anayelipiwa na halmashauri mara nyingi hakuwahi kufikiria kujaza fomu ya mkopo. Kwa nini ajaze, na hataki mkopo? Msomaji wa Dar au Nairobi aliyezoea kugombana na bodi moja tu ya mikopo afikirie kugombana na taasisi tatu ambazo hazisomani barua.

Kuna pia bima ya afya ya shirikisho kwa Mataifa ya Kwanza waliosajiliwa na Wainuit, inayolipia miwani, dawa na vifaa vya kusikia. Vipimo vya kujua kama mtu mzima ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, au upungufu wa umakini kwa ajili ya masomo haivilipii, maana kwa macho ya bima hayo ni mambo ya shule. Shule nayo inasema ni mambo ya afya.

Bei ya karatasi

Turudi kwa yule mama wa miaka 34. Tuseme yupo mwaka wa kwanza wa kozi ya ustawi wa jamii. Mwalimu amegundua kwamba akizungumza darasani anafikiri kwa kina kuliko wengi, ila kazi zake za maandishi zinakuja zimekatika katikati. Anamshauri aende akaonane na mshauri wa wanafunzi. Mshauri anaeleza: ili upate programu ya kukusomea, muda wa ziada na fedha za mtu wa kukuandikia madondoo, tunahitaji ripoti ya mwanasaikolojia.

Ripoti ya namna hiyo hugharimu maelfu ya dola. Mwanasaikolojia hayupo mjini, yupo mji mkubwa, saa kadhaa za barabara ya milimani, na wakati wa theluji barabara hufungwa. Vipimo huchukua siku nzima au mbili, kwa hiyo watoto waachiwe mtu na hoteli ilipwe. Upo utaratibu wa kurejeshewa sehemu ya gharama baada ya kukubaliwa, jambo zuri kwa mtu mwenye fedha za kutanguliza. Foleni ya kumwona mtaalamu inaweza kuwa ya miezi, na muhula ni wa miezi minne.

Akifika, anapewa vipimo ambavyo vingi vimetungwa na kulinganishwa kwa watoto na watu wazima wa mijini wanaozungumza Kiingereza nyumbani. Mtu aliyelelewa na bibi anayezungumza Kikree, katika nyumba ambako mtoto hufundishwa kunyamaza na kutazama kabla ya kujibu, anaweza kupata alama za chini katika sehemu inayopima kasi ya kujibu. Ni ulemavu, au ni adabu? Mtaalamu mzuri atajua kutofautisha. Wanaojua ni wachache.

Haya ni ya mfukoni na barabarani. Yapo mengine mazito zaidi, na hapa ndipo wageni hukosea kwa kudhani watu wa asili hawajaelimika kuhusu ulemavu.

Alberta ilikuwa na sheria, kuanzia 1928 hadi 1972, iliyoruhusu watu waliobandikwa jina la wapungufu wa akili wafungwe kizazi. British Columbia ilikuwa na yake, kuanzia 1933 hadi 1973. Wanawake na wanaume wa jamii asilia walijikuta katika orodha za Alberta kwa kiwango kisicholingana kabisa na idadi yao. Karatasi iliyowapeleka huko ilianza na mtaalamu aliyekaa mezani, akauliza maswali kwa Kiingereza, akaandika alama. Wapo bibi walio hai leo waliokuwa wasichana wakati huo. Shule za bweni zilizowachukua watoto wapatao 150,000 kutoka kwa wazazi wao, ya mwisho ikifungwa katika miaka ya 1990, nazo ziliandika mafaili: huyu mzito wa kuelewa, huyu hafundishiki, huyu apelekwe shambani. Na kwa mama kijana wa leo hofu iko karibu zaidi: watoto wa jamii asilia huchukuliwa na ustawi wa jamii kwa wingi mno, na ripoti yenye maneno kama upungufu wa umakini au msongo wa mawazo anaiona kama silaha ambayo siku moja itasomwa mbele ya hakimu katika kesi ya malezi.

Hata kulalamika hakukuruhusiwa kwa muda mrefu. Sheria ya Haki za Binadamu ya Kanada ya 1977 iliweka kando masuala yaliyoangukia chini ya Sheria ya Wahindi, yaani sheria ya Mataifa ya Kwanza; si Wahindi wa India, ni jina lile la kizamani ambalo serikali inaendelea kulitumia. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2008, na kwa maamuzi ya halmashauri zenyewe mabadiliko yalianza kutumika 2011. Kwa hiyo mwanafunzi wa rizavu mwenye ulemavu amekuwa na mlango kamili wa kupeleka shauri kwa muda usiozidi umri wa kijana wa sekondari.

Wanavyofanya bila kuingoja karatasi

Vyuo vya jamii asilia vimejifunza kuanza na msaada. Havijasubiri ufadhili wala nadharia. Vilikuwa na wanafunzi mlangoni.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha swali. Badala ya "una ugonjwa gani?", mshauri anauliza "unakwama wapi?" Mtu anaweza kusema: nikisoma zaidi ya dakika kumi mistari inapandana, au, mlango ukigongwa kwa nguvu moyo unanienda mbio na somo limekwisha. Hayo yanatosha kuanza kazi. Inafurahisha kwamba sheria nayo inasogea huko: mwaka 2016 Ontario ilifikia msimamo kwamba chuo hakina haja ya kumlazimisha mwanafunzi kutaja jina la ugonjwa wake wa akili ili asaidiwe, kinachohitajika ni kujua unamzuia kufanya nini. Nayo Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi ya Moore ya mwaka 2012 iliyohusu mtoto mwenye disleksia, ilisema elimu maalumu si anasa. Ni kama njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, ya kumfikisha mtoto kwenye elimu ambayo sheria imewaahidi watoto wote.

Hatua ya pili ni kumpa kila mtu kile ambacho wachache wangelazimika kukiombea kibali. Madondoo ya somo hugawiwa darasa zima. Kipindi kinarekodiwa. Kazi ya mwisho unaweza kuiandika, kuisimulia mbele ya mwalimu na mzee, au kuionyesha kwa vitendo. Wataalamu wa elimu wana jina lao kwa mtindo huu, na wamekuwa wakiandika vitabu kuuhusu kwa miaka mingi. Kwa jamii ambazo sheria zao, ramani zao na nasaba zao zilitunzwa mdomoni kwa karne nyingi, mtihani wa kusimulia hauhitaji kutetewa na nadharia. Yule mama wetu, akiruhusiwa kusimulia uchambuzi wake kwa dakika ishirini, anaonekana alivyo. Hakuna aliyemhurumia wala kumpunguzia kiwango.

Hatua ya tatu ni Wazee. Katika NVIT na vyuo vingi vya aina yake, Wazee wana nafasi yao chuoni, wanaingia madarasani, wanakula na wanafunzi. Mwanafunzi ambaye hatamwambia mshauri mwenye shahada kwamba halali usiku, atamwambia bibi anayekaa karibu na jiko la kahawa. Katika jamii nyingi za nyanda za kati unayemwendea Mzee kwa jambo zito unamkabidhi tumbaku kwanza, mkono kwa mkono, ndipo unasema shida yako. Ukishafanya hivyo mazungumzo yana heshima yake na siri yake. Mshauri mwenye busara hujua kusubiri hapo nje.

Lakini tusiwabebeshe Wazee kila kitu. Wengi wao walipitia shule za bweni wenyewe. Kumsikiliza kijana akielezea jinamizi lake kunaweza kumrudisha Mzee kwenye bweni lake mwenyewe, jioni ile ile, akiwa peke yake nyumbani. Chuo kinachowaalika Wazee wawe dawa ya afya ya akili na kuwapa bahasha ndogo mwisho wa wiki kinawatumia vibaya, hata kama kinawaita kwa majina ya heshima.

Mila na mahitaji yakigongana

Watu hupenda kuandika kana kwamba utamaduni na mahitaji ya mwenye ulemavu hupatana daima. Hapana, wakati mwingine hugongana, na chuo kinachofanya kazi vizuri ndicho kinachokubali kulizungumza hilo.

Chukua moshi. Katika jamii nyingi siku, kikao au mtihani huanza kwa kufukiza majani makavu ya seji, mwerezi au nyasi tamu, kila mtu akijipitishia moshi kichwani na kifuani. Kwa mwanafunzi mwenye wasiwasi mkubwa, dakika hizo tatu zinaweza kuwa na faida kuliko kidonge. Kwa jirani yake mwenye pumu, ni dharura. Vyuo vya kawaida vikikumbana na hili huandika kanuni ya kupiga marufuku harufu zote, na mara unasikia wanafunzi asilia wamezuiwa kufukiza mabwenini. Chuo cha jamii hakiwezi kwenda njia hiyo, kwa hiyo kinatafuta nyingine: kufukiza nje ya mlango, au katika chumba chenye feni ya kuvuta moshi, saa ikitangazwa mapema; na Mzee akisema wazi mbele ya wote kwamba asiyeweza kukaa kwenye moshi hajakosa kitu. Sentensi hiyo ya Mzee ina nguvu kuliko kanuni yoyote ya ofisi.

Au duara. Masomo mengi hufanyika kwa kukaa duara, unyoya wa tai au jiwe likizunguka, na anayelishika ndiye anayesema. Kwa kiziwi anayesoma midomo, duara ni neema: nyuso zote zinaonekana, na mtu mmoja tu anasema kwa wakati. Ilimradi taa zisizimwe. Kwa mwenye kigugumizi au mwenye hofu ya kusema mbele za watu, duara linaweza kuwa kitanzi kinachosogea kiti kwa kiti. Desturi yenyewe ina suluhisho: unaruhusiwa kulipitisha bila kusema, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwalimu mgeni asiyejua hilo ndiye husema, "jamani, leo lazima kila mtu achangie."

Kisha kuna masomo ya porini na mtoni, ambayo ndiyo fahari ya vyuo hivi. Darasa linahamia kwenye kambi ya samaki, na mmoja wao yupo kwenye kiti cha magurudumu. Kumwacha chuoni na video ni jibu la uvivu. Kumbeba mgongoni mpaka mtoni, mbele ya wenzake, ni jibu la watu wenye moyo mzuri ambao hawakumuuliza. Wanaojua kazi huanza na swali la nini hasa anatakiwa kujifunza hapo. Kama ni kumpasua samoni na kumkausha kwa upepo, basi uchanja mmoja wa kukaushia unajengwa chini, usawa wa mikono ya aliyekaa, na mbao zinatandikwa kutoka barabarani hadi kwenye uchanja. Kupasua samaki kwa mkato sahihi wa kisu kunahitaji mikono na jicho. Zamani pia kazi hiyo ilifanywa na wazee ambao miguu yao ilishachoka. Hawakuwahi kuitwa wenye mahitaji maalumu, waliitwa wenye kisu kizuri.

Mashine isiyojua lugha

Kuna kikwazo kimoja ambacho hata vyuo vikubwa havijakifikiria, nacho ni cha kiufundi hasa. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Zipo za kulipia na zipo za bure, kama NVDA, na kwa Kiingereza zinafanya kazi vizuri. Sasa mwanafunzi huyo amejiandikisha kujifunza lugha ya bibi yake. Katika bonde la Nicola lugha za wenyeji ni nłeʔkepmxcín na nsyilxcən. Alama ile inayofanana na kiulizo kisicho na nukta ni herufi kamili, sauti ya koo kufungwa ghafla. Sauti ya Kiingereza ndani ya kompyuta haiijui, basi huiruka, na neno likiruka herufi moja limekuwa neno lingine au si neno kabisa.

Vitini vya zamani vina balaa zaidi. Kabla ya mfumo wa kimataifa wa herufi kuenea, walimu waliandika kwa fonti za kujitengenezea, au waliweka tarakimu 7 mahali pa sauti ile ya koo. Mwenye macho anaona neno. Asiyeona anasikia mashine ikisema "seven" katikati ya jina la bibi yake. Hakuna ruzuku ya dola 20,000 inayotibu hilo, kwa sababu kifaa si kibovu. Ni maandishi yanayotakiwa kuchapwa upya, ukurasa kwa ukurasa, na mtu anayeijua lugha. Wanachofanya wengi ni kurudi kwenye sauti yenyewe: Wazee wanarekodiwa neno kwa neno. Tovuti ya FirstVoices, iliyoanzishwa British Columbia mwaka 2003, ina kamusi nyingi za lugha asilia zenye sauti za wazungumzaji. Kwa mwanafunzi asiyeona, hiyo ndiyo kamusi halisi.

Kwa viziwi, sheria ya shirikisho ya 2019 kuhusu ufikivu ilitambua lugha za alama za jamii asilia, sambamba na lugha mbili kubwa za alama za nchi hiyo, kuwa lugha za msingi za viziwi. Ni hatua ya haki. Lakini mkalimani hapatikani kwa kutambuliwa tu. Mara nyingi anapatikana kwa video kutoka mji wa mbali, kwa intaneti ya rizavu inayokatika, na maneno ya sherehe inayoendelea mbele ya kamera hajawahi kuyaona yakifanyiwa ishara.

Ofisi ya mtu mmoja

Haya yote hufanywa na nani? Katika chuo kikuu cha kawaida kuna mshauri wa ulemavu, mtaalamu wa teknolojia saidizi, mratibu wa mitihani, mwanasaikolojia. Katika chuo kidogo cha jamii, aghalabu ni mtu mmoja ambaye pia ni ofisa wa udahili, na siku ya Ijumaa ndiye anayeendesha basi. Vyuo vingi vya aina hii vimeishi kwa fedha za miradi ya mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo mshauri mzuri anapopata ajira ya kudumu mjini anaondoka, na kumbukumbu ya nani anahitaji nini inaondoka naye. British Columbia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuvitambua vyuo vinavyopewa mamlaka na Mataifa ya Kwanza na kuvipatia fedha za kudumu za uendeshaji. Kwangu, kifungu cha bajeti ya namna hiyo kina thamani kuliko kongamano lolote la ujumuishi.

Na karatasi? Haijaondoka. Yule mama atamaliza miaka yake miwili kwa kusimulia, kurekodi na kusomewa, vizuri kabisa, kisha atakwenda kwenye mafunzo ya vitendo katika ofisi ya serikali ya jimbo, au atahamia chuo kikuu kikubwa kumalizia shahada. Huko hawatamuuliza anakwama wapi. Watamwomba ripoti. Washauri wenye uzoefu kwa hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: wanampa msaada wiki ya kwanza, na wiki hiyo hiyo wanamjazia fomu ya mkopo asiouhitaji, kwa ajili ya ruzuku iliyojificha nyuma yake, na kumwandikisha kwenye foleni ya vipimo. Wengine humwalika mwanasaikolojia aje chuoni siku tatu na kuwapima wanafunzi kadhaa kwa safari moja, gharama zikigawanywa. Vipimo hufanyika katika chumba wanachokijua, na Mzee yupo chumba cha pili ikiwa mtu atamhitaji. Na kabla ripoti haijasainiwa, mwanafunzi husomewa rasimu yake yote kwa sauti, aseme ni maneno gani yanabaki na nani ataruhusiwa kuyaona.